KUMSITIRI MGONJWA SI KUMFICHA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyaleta maradhi na akaleta dawa zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Wazee wetu walikuwa wakisema kwamba upele humpata asiye na kucha. Msemo huu hutumika kwa mfano: hutajiwa mtu aliyeruzukiwa neema naye hana njia ya kuitumia. Ni nadra mtu kuufikiri kwa maana yake ya dhahiri. Nasi pia hatukuufikiri hivyo, mpaka ndugu mmoja katika wahudhuriaji wa darsa yetu alipotujia baada ya sala ya Isha, akangoja msikiti ukatulia, kisha akatuuliza suala ambalo twaona halimhusu yeye peke yake. Tumemwomba ruhusa tulijibu katika karatasi hii bila ya kumtaja kwa jina wala kwa mtaa, naye ametupa.

Khabari aliyotueleza ni hii. Mamake ni mtu mzima sana, naye ana maradhi mengine ya siku nyingi ambayo yameidhoofisha kinga ya mwili wake. Maradhi hayo hatutayataja, na sababu ya kutoyataja itaonekana mbele. Zaidi ya mwaka mmoja uliopita ngozi ya vidole vyake ilianza kukauka na kupasuka. Watu wa nyumbani walidhani ni ukurutu. Akanunuliwa mafuta dukani, mwasho ukatulia kwa siku chache, kisha ngozi ikazidi kuwa nene. Sasa mikono yake, viwiko, nyayo na chini ya kucha pamefanya magamba mazito kama ganda la mti, na kila akigeuka kitandani huacha unga wa ngozi juu ya shuka. La ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hawashwi sana. Lakini wajukuu wawili waliokuwa wakilala naye walianza kujikuna usiku kucha, na binti aliyeajiriwa kumwogesha naye akajikuna hata akaomba kuondoka, akarudi kwao bila ya kuambiwa neno. Hapo mama akahamishiwa chumba cha uani, akatengewa kikombe chake na sahani yake, na majirani wakaambiwa kwamba amesafiri.

Ndugu yetu akauliza: Je, haya tuliyoyafanya si katika sitara ambayo dini imetuamrisha? Na tena: daktari ametwambia nyumba nzima itumie dawa kwa siku moja, wagonjwa na wazima, na ndugu zangu wamekataa, wasema hawawezi kupaka dawa mwili usio na ugonjwa, je, wana haki ya kukataa?

Wanavyuoni wametufundisha kwamba hukumu ya jambo hufuata kulielewa jambo lenyewe. Basi yapasa kwanza tuujue ugonjwa huu ni kitu gani.

Upele huletwa na kijidudu kilicho jamii moja na utitiri na kupe. Jike lake halifiki nusu ya milimita kwa urefu. Huchimba njia katika tabaka ya juu ya ngozi, hutaga humo mayai mawili au matatu kila siku, na maisha yake ni mwezi mmoja hata miwili. Mwasho hauletwi na meno yake, bali huletwa na kinga ya mwili inayomkataa, yeye na mayai yake na uchafu wake. Ndiyo maana mtu anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hata 6 bila ya kuwashwa, na siku zote hizo akawa anaweza kumwambukiza mwenziwe. Kwa mtu mwenye afya vijidudu hivi huwa vichache. Mwingereza Kenneth Mellanby, aliyefanya utafiti mjini Sheffield tangu mwaka 1941 kwa watu waliojitolea, aliona kwamba wastani wa majike kwa mgonjwa mmoja ni kama 11 tu. Kinga ya mwili na kucha za mgonjwa mwenyewe huvizuia visizidi.

Ama mtu ambaye kinga yake imedhoofika, hali yake ni nyingine kabisa. Huyu huenda akawa ni mwenye virusi vya ukimwi ambaye hali yake imekuwa mbaya, au aliyepandikizwa kiungo, au mwenye saratani ya damu, au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Huenda pia akawa ni mkongwe, au aliyepooza, au mwenye ukoma aliyepoteza hisi za mikono yake. Kwake yeye vijidudu huongezeka pasina kizuizi, vikawa maelfu na hata mamilioni, na ngozi yake ikafanya magamba yaliyojaa vijidudu na mayai. Madaktari huuita upele wa magamba. Danielssen na Boeck waliueleza huko Norway mwaka 1848 walipokuwa wakiwatazama wagonjwa wa ukoma, kisha Hebra wa Vienna akaupa jina la nchi hiyo. Hata leo wako wauitao upele wa Norway, ingawa hauna nchi wala kabila.

Hapo ndipo tulipouona ukweli wa msemo wa wazee. Huyu ndiye asiye na kucha. Hajikuni, ama kwa kuwa hana nguvu ya kujikuna, ama kwa kuwa mwili wake umeacha kupigana na adui, na mwili usiopigana haulalamiki. Basi kutowashwa kwake si dalili ya nafuu, bali ni dalili ya kuzidi kwa hatari. Magamba yale hupasuka, bakteria wakaingia katika mipasuko, wakaenea katika damu, na mgonjwa asiyetibiwa huweza kufa kwa sababu hiyo. Ndugu yetu alidhani ana mgonjwa wa kuonewa haya. Kwa hakika ana mgonjwa wa kuokolewa roho.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya yale mafuta ya dukani. Mengi katika mafuta yauzwayo kwa kutuliza mwasho, na mengine yauzwayo kwa kung'arisha uso, yana steroidi ndani yake. Dawa hii ina kazi yake njema mikononi mwa daktari. Lakini kumpaka mwenye upele ni mfano wa kumlaza mlinzi na mwizi angali ndani ya nyumba. Mwasho hutulia, watu wakafurahi, na vijidudu vikazidi kuzaana. Upele wa magamba huonekana kama ukurutu, au mba, au magaga ya nyayoni, na watu wengi hudanganyika, hata waliosoma. Apataye mgonjwa dhaifu mwenye magamba yasiyopona, na watu wa nyumba hiyo hiyo wakawa wanajikuna usiku, basi na ashuku upele. Daktari akikwaruza kidogo magamba hayo na kuyatazama kwa darubini, ataviona vijidudu vyenyewe.

Baada ya kuufahamu ugonjwa, twaingia katika hukumu. Wako watu kwetu wasemao kwamba katika Uislamu hakuna kuambukizana, na kwamba mwenye kuogopa kuambukizwa ana upungufu wa imani. Husema hivyo kwa kutegemea hadithi sahihi, lakini wameichukua nusu wakaiacha nusu. Amepokea Abu Huraira kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokanusha kuambukizana, bedui mmoja alimwuliza juu ya ngamia wazima walio mchangani kama paa, ambao ngamia mwenye upele huingia kati yao, wote wakapata upele. Mtume akamrudishia suala: na yule wa kwanza aliambukizwa na nani? Na Abu Huraira huyo huyo amepokea kwamba Mtume amemkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwalete kwa mwenye ngamia wazima.

Tazameni, ndugu zetu, kwamba ugonjwa uliotajwa katika mazungumzo yale ni huu huu wa upele. Imam An-Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafi huzisoma kazi zake madrasani, ameeleza kwamba wanavyuoni wengi wamezikusanya hadithi mbili hizi pasina mgongano. Kilichokanushwa ni itikadi ya watu wa Jahiliya kwamba ugonjwa huhama kwa nguvu zake wenyewe, pasina amri ya Mungu. Kilichothibitishwa ni kwamba Mwenyezi Mungu amejaalia kukutana kwa mgonjwa na mzima kuwa sababu. Basi mwenye kuziacha sababu kwa kudai tawakali hakuwa na tawakali, bali amekuwa na uvivu.

Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ibn Zuhr, tabibu wa Andalusi aliyekufa mjini Seville mwaka 1162, alimtaja katika kitabu chake At-Taysir mdudu mdogo mno atambaaye chini ya ngozi, ambaye ngozi ikiambuliwa hutoka naye akawa karibu haonekani. Haya ni zaidi ya miaka 500 kabla ya Mtaliani Bonomo kumtazama kwa darubini na kuandika khabari zake mwaka 1687. Si fahari kulitaja jambo hili ikiwa wajukuu wa Ibn Zuhr, wakimwona mama ana magamba, wataanza kwa kumtafuta mchawi aliyemroga. Dua ni haki na Kurani ni ponyo, wala hatumkatazi mtu kumsomea mgonjwa wake. Twamkataza kuifanya hirizi kuwa badali ya dawa, na kumtuhumu jirani kwa uchawi kwa tendo la mdudu.

Sasa twaja kwenye suala la sitara. Ni kweli kwamba dini imetuamrisha kumsitiri Muislamu, na kwamba amsitiriye mwenziwe duniani ameahidiwa sitara ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama. Lakini sitara ni haki ya anayesitiriwa, haikuwekwa kwa ajili ya raha ya mwenye kusitiri. Yafaa basi kila mmoja wetu aliyemfungia mgonjwa chumba cha uani ajiulize kwa ukweli: namsitiri yeye, au najisitiri mimi na maneno ya watu? Mama huyu hakuulizwa kama ataka kuambiwa amesafiri. Hakufanya dhambi hata ikawa ni siri ya kufunikwa. Aliyepatwa na maradhi hana aibu ya kufichiwa. Kinachofichwa hapa ni haya ya watoto wake, nao wamemfanya mama yao kuwa pazia lake.

Na matunda ya kuficha huko yako wapi? Mgonjwa amekaa mwaka mzima pasina dawa yake. Watoto wamepata upele. Msaidizi amerudi kwao nao. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio hicho huwa si cha aliyeficha, huwa ni cha aliyefichwa. Kufunika namna hii si sitara hata kidogo. Ni kumtelekeza mtu nyuma ya pazia la heshima.

Lakini hatutaki kuipunguza hofu ya ndugu yetu. Anao mabinti wanaotazamiwa kuolewa, na mitaa yetu ni ya kubanana, na neno likitoka baraza moja halilali kabla ya kufika baraza la pili. Tena akisema mama ana upele wa namna hii, watu watauliza kwa nini mwili wake hauna nguvu, kisha watayabuni wasiyoyajua. Hofu hiyo ni ya kweli, na jawabu yake ni kupambanua. Kuna khabari mbili katika nyumba hii. Khabari ya kwanza ni upele. Hii wana haki ya kuijua wote ambao ngozi zao zimemgusa mgonjwa au wamelala juu ya nguo zake, kwa kuwa miili yao imo hatarini nao hawajui. Khabari ya pili ni yale maradhi mengine yaliyomdhoofisha. Hii ni amana ya mgonjwa na daktari wake, na hapana mtu apasiwaye kuambiwa illa kwa ridhaa yake. Hiyo ndiyo sitara. Nasi ndiyo maana hatukuyataja hapo juu, wala msomaji hakupungukiwa na kitu kwa kutoyajua. Mwenye kuificha khabari ya kwanza amedhuru, na mwenye kuifichua ya pili amekhini.

Ama kusema kwamba mama amesafiri, huo ni uwongo, wala hauna ruhusa hapa, kwa kuwa iko njia ya ukweli isiyo na madhara. Jirani akiuliza, aambiwe: mama hajiwezi kidogo, daktari amesema asipokee wageni kwa wiki hizi, tuombeeni dua. Kila neno hapo ni kweli, na jirani hupata nafasi ya kumwombea, na thawabu ya dua hiyo tulikuwa tumemnyima yeye na kumnyima mgonjwa.

Liko jambo jingine ambalo ndugu yetu hakuliuliza, nasi twalitaja kwa kuwa twaliona ndilo zito kuliko yote. Ni khabari ya binti yule wa kazi. Yeye ndiye aliyemshika mama kwa mikono yake kila siku, akamwogesha na kufua shuka zake, na watoto wa tumbo lake wakisimama mlangoni. Katika watu wote yeye ndiye aliyestahiki kuambiwa mwanzo, naye ndiye pekee ambaye hakuambiwa. Sasa yuko kwao, pengine katika chumba kimoja na ndugu watano, nao wanajikuna wala hawajui upele umetoka wapi. Twasema wazi kwamba ana haki juu ya nyumba ile. Yapasa atafutwe, aambiwe, na yeye na wanaolala naye wanunuliwe dawa kwa mali ya mwajiri, na apewe ujira wake ikiwa umesalia. Haki hii haifutwi na toba ya moyoni wala na sadaka ya Ijumaa. Kanuni ya sharia kwamba haifai kudhuru wala kudhuriana haikumtoa mtumishi.

Twaja kwenye suala la ndugu waliokataa dawa. Hoja yao ni kwamba mwili wa mtu ni wake, naye hawashwi, basi kwa nini atibiwe? Hoja hii ingekuwa na nguvu lau kutowashwa kungekuwa ni dalili ya uzima. Tumekwisha kuona kwamba si hivyo: aliyeambukizwa karibuni hawashwi kwa wiki kadha, na aliyezidiwa mno naye huenda asiwashwe. Basi mtu aliyeishi katika nyumba ile hana njia ya kujijua kwa hisia zake. Tena mgonjwa akitibiwa peke yake, hupona, kisha hurudishiwa upele na mikono ya wale wale waliokataa dawa, naye hana kinga ya kuumudu mara ya pili. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mtu mmoja hauondoi upele nyumbani.

Uko ushahidi mkubwa wa jambo hili kutoka visiwa vya Fiji. Mwaka 2012 walianza huko utafiti wa watu 2,051 katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza walitibiwa wagonjwa na waliogusana nao tu, na baada ya miezi 12 wenye upele walipungua kutoka asilimia 36.6 hadi asilimia 18.8. Katika kundi la pili watu wote, wagonjwa na wazima, walipewa dawa ya kupaka, wakapungua kutoka asilimia 41.7 hadi asilimia 15.8. Katika kundi la tatu watu wote walipewa vidonge vya ivermectin, wakapungua kutoka asilimia 32.1 hadi asilimia 1.9. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Dawa zilitofautiana, na nguvu ya vidonge imeonekana. Lakini vidonge hivyo visingefanya kazi hiyo lau wazima wa visiwa vile wangesema kama walivyosema ndugu wa rafiki yetu.

Kwa hivyo jawabu yetu ni hii. Mtu mzima wa akili hashikwi kwa nguvu akapakwa dawa. Hata hivyo, mwenye kukataa pasina udhuru wa kitabibu, naye ajua kwamba kukataa kwake kutamrudishia mgonjwa maradhi ya kuua, amepata dhambi ya madhara hayo kwa kadiri ya ujuzi wake. Na akitaka kukataa, basi na ajitenge yeye na mgonjwa, asimtenge mgonjwa na watu wengine. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam kuvaa hariri kwa sababu ya mwasho uliowapata. Ikiwa sharia imelegeza katazo lake kwa ajili ya ngozi ya mgonjwa, sisi twashindwaje kuvumilia mafuta ya usiku mmoja kwa ajili ya ngozi ya mama?

Ama tiba yenyewe, ni kazi ya daktari, nasi twataja yaliyo mashuhuri ili watu wasiogope. Upele wa kawaida hutibiwa kwa mafuta ya permethrin ya asilimia 5, yapakwayo mwili mzima kutoka shingoni hadi nyayoni, yakaachwa usiku mzima, kisha yakarudiwa baada ya wiki. Zipo pia dawa za benzyl benzoate na marhamu ya kiberiti ambazo wakubwa wetu wanazijua. Upele wa magamba hautoshwi na hayo. Mgonjwa hupakwa dawa mara nyingi zaidi, na kichwa na uso vikiwemo isipokuwa macho. Magamba hulainishwa kwa maji na marhamu maalumu ili dawa iingie. Pamoja na hayo humeza ivermectin kwa kipimo cha uzito wake, siku ya 1, ya 2, ya 8, ya 9 na ya 15, na hali ikiwa ngumu huongezwa siku ya 22 na ya 29. Vidonge hivi havipewi mwenye mimba wala mtoto aliye chini ya kilo 15 pasina shauri la daktari. Na anayetumia steroidi kwa maradhi mengine asiziache ghafula kwa kusoma karatasi hii, amwulize aliyempa.

Shuka, foronya, leso, taulo na misala hufuliwa kwa maji ya moto sana siku ile ile ya dawa. Kisichofulika hufungwa katika mfuko wa nailoni kwa wiki moja, kwani mdudu huyu haishi siku nyingi nje ya mwili wa mtu. Chumba hufagiwa na magamba hutupwa. Anayemhudumia mgonjwa avae glavu na nguo ya mikono mirefu. Na wanaoosha maiti wayajue haya pia, ikiwa mgonjwa amefariki kabla ya kupona. Mwasho kwa wale wengine huweza kubaki wiki 2 hata 4 baada ya vijidudu kufa, basi watu wasidhani dawa imeshindwa.

Kutengwa kwa mama, basi, kuna mpaka wake. Ni kwa wiki chache za dawa, kwa kipimo cha daktari, wala si mpaka kufa. Na katika wiki hizo husalimiwa mlangoni asubuhi na jioni, husomewa, huketiwa naye kwa umbali mdogo, na hushikwa na mikono yenye glavu. Udhuru wake wa kutokwenda kwenye mkusanyiko wa watu ni udhuru wa sharia, si fedheha.

Limebaki neno moja kwa sisi tulio nje ya nyumba ile. Kumwuguza mgonjwa ni faradhi ya kifaya: wakitosha watu kuitekeleza wengine husamehewa, na wakiiacha wote hupata dhambi wote. Dawa ya nyumba ya watu kumi, pamoja na ya binti wa kazi na jamaa zake, si fedha ndogo kwa mtu wa mshahara wa mwezi. Shirika la Afya Duniani liliutia upele katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na hukadiria kwamba watu zaidi ya milioni 200 wanao kwa wakati mmoja. Uliosahauliwa na dunia si lazima usahauliwe na msikiti. Twachangia karamu za arusi na za maulidi kwa mioyo mikunjufu. Je, mtaa ushindwe kuweka sanduku dogo, likashikwa na watu wawili waaminifu, la kuwanunulia dawa ya ngozi wasio na uwezo, pasina kuuliza mgonjwa ni nani wala kwa nini mwili wake umedhoofika? Sisi wa darsa hii tumeazimia kuanza, nasi twawakaribisha wenzetu.

Na kwa ndugu yetu aliyeuliza, twasema: Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa kuuliza, kwani wengi hawaulizi. Ukifika nyumbani usianze kwa majirani wala kwa ndugu zako. Anza kwa chumba cha uani. Bisha hodi, umsalimu mamako, umwambie jina la ugonjwa wake na kwamba una dawa, na umwombe radhi kwa safari mliyomsafirisha naye yuko kitandani. Kisha kesho asubuhi mtafute yule binti.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko kuliko tawfiki.